Sifa kwa Mfalme, Lawama kwa Mtumishi

Masomo ya juma: 1 Samweli 11:12–15, 1 Samweli 15:10–24, Yohana 18:1–9



Masomo ya juma hili yanatuonyesha mfalme mmoja katika siku mbili za maisha yake. Siku ya kwanza Sauli ametoka kuwaokoa watu wa Yabesh-Gileadi. Ushindi ni mkubwa na watu wamejaa furaha. Katika furaha hiyo wanawakumbuka wale waliombeza Sauli alipochaguliwa, wakauliza mtu kama huyu atawaokoaje, na sasa wanataka waletwe wauawe. Sauli anakataa. Anawaambia hatauawa mtu siku hiyo, maana aliyewaokoa Israeli ni BWANA. Siku ya pili, miaka imepita. Sauli ametoka kupigana na Waamaleki, amejisimamishia ukumbusho huko Karmeli, na Samweli anapomuuliza habari za mlio wa kondoo, anajibu kwamba watu ndio waliowaacha hai. Ile siku ya kwanza alimrudishia Mungu sifa na akawakinga watu. Siku ya pili alijitwalia sifa, na lawama akawatwika watu.

Nawaalika tuyasome masomo haya huku tukimtazama mfalme mwingine, Henry wa Nane wa Uingereza. Wengi tumemsikia kwa ajili ya wake zake sita na kwa ajili ya kujitenga na Roma. Hayo yalitokea akiwa mtu mzima. Mimi nataka tumtazame kijana, akiwa na miaka 17, 20, 25: mzuri wa sura, hodari, msomi, mwenye kupenda ibada, kipenzi cha nchi nzima. Ninaamini ugonjwa wa utawala wake haukuanzia katika ndoa. Ulianza katika siku za shangwe, na watu waliushangilia.

Kijana aliyesubiriwa

Henry alizaliwa Greenwich tarehe 28 Juni 1491, mtoto wa pili wa kiume wa Henry wa Saba. Kiti cha enzi hakikuwa chake. Kilikuwa cha kaka yake Arthur. Lakini Arthur alifariki Aprili 1502, na Februari 1503 akafariki mama yao, Elizabeth wa York. Mvulana wa miaka 11 akabaki kuwa mwana pekee wa kiume wa mfalme mwenye hofu.

Hofu ya baba ilikuwa na chanzo. Alikuwa ameutwaa ufalme kwa upanga katika uwanja wa Bosworth mwaka 1485, baada ya miaka mingi ya ndugu kuuana kwa ajili ya taji, na tangu siku hiyo hakumwamini mtu kwa urahisi. Alizikagua hesabu za mapato yake mwenyewe, akitia alama ya mkono wake ukurasa kwa ukurasa. Wakuu wa nchi aliwafunga kwa hati za ahadi: mtu alilazimishwa kukiri kwamba atalipa fedha nyingi sana iwapo atamkosea mfalme, na hati ile ikakaa juu ya kichwa chake na cha watoto wake. Katika miaka ya mwisho kazi hiyo ilikuwa mikononi mwa wanasheria wawili, Richard Empson na Edmund Dudley. Walikuwa hodari katika kazi yao, na nchi iliwachukia.

Mzee alifariki katika jumba lake la Richmond tarehe 21 Aprili 1509. Mwanawe alikuwa amebakiza miezi miwili kutimiza miaka 18. Tarehe 11 Juni alimwoa Catherine wa Aragon, mjane wa kaka yake, na tarehe 24 Juni wote wawili wakavikwa taji katika kanisa la Westminster Abbey. Mwanasheria kijana aliyeitwa Thomas More alitunga mashairi ya Kilatini ya kumpongeza mfalme mpya, akiitangaza siku hiyo kuwa mwisho wa utumwa na mwanzo wa uhuru. Lord Mountjoy alimwandikia mwanazuoni Erasmus arudi Uingereza haraka, kwa kuwa sasa kuna mfalme asiyetafuta dhahabu wala vito, bali wema na utukufu usiokufa.

Sifa hizo hazikuwa za kubuni. Kijana alikuwa na kimo cha zaidi ya futi sita, na alipita wengi kwa kupanda farasi, kutupa mshale na kucheza tenisi. Alipiga ala za muziki na kutunga nyimbo. Alizungumza Kilatini na Kifaransa. Alipenda mazungumzo ya teolojia, na balozi wa Venice aliripoti kwamba siku za kuwinda mfalme alisikiliza misa tatu, na siku nyingine hata tano. Mwaka 1521 alitoa kitabu cha kuzitetea sakramenti saba dhidi ya Martin Luther, naye Papa Leo wa Kumi akampa jina la Mtetezi wa Imani. Kama tungekuwa London mwaka ule wa 1509, wapendwa, nadhani sisi nasi tungeimba barabarani. Tungemshukuru Mungu kwa kutupa kiongozi wa namna hii, na shukrani yetu ingekuwa ya kweli.

Zawadi ya kwanza kwa umati

Mzee alikuwa hata hajazikwa Empson na Dudley walipokamatwa na kupelekwa Mnara wa London. Watu walifurahi, na furaha yao ilikuwa na sababu, kwa maana wengi walikuwa wameumizwa. Dudley mwenyewe, akiwa gerezani, aliandika orodha ya watu zaidi ya 80 ambao marehemu mfalme aliwatendea kwa ukali kuliko haki, akiomba warudishiwe kilicho chao kwa ajili ya raha ya roho ya bwana wake. Orodha ile ni ungamo la mtu aliyekwisha kuona kaburi. Naye mfalme mpya alifuta baadhi ya hati za baba yake, jambo lililokuwa jema na la haki.

Tuangalie sasa wale wawili walishtakiwa nini. Hawakushtakiwa kwa kuwanyonya watu. Wangeshtakiwa hivyo, mahakama ingelazimika kuuliza walitumwa na nani, na fedha ziliingia katika hazina ya nani. Walishtakiwa uhaini: kwamba mfalme mzee alipokuwa akikata roho, walikusanya watu wenye silaha ili wamshike mfalme mpya na utawala wake. Ni wanahistoria wachache sana waliosadiki shtaka hilo. Dudley alihukumiwa London mwezi Julai 1509, Empson akahukumiwa Northampton mwezi Oktoba. Walikaa gerezani hadi tarehe 17 Agosti 1510, wakakatwa vichwa katika kilima cha Tower Hill. Mfalme alikuwa na miaka 19.

Kosa lilikuwa la taji. Adhabu iliwashukia watumishi. Kijana aliyevaa taji lile lile akatoka katika jambo hilo akiwa safi, na zaidi ya kuwa safi, akiwa shujaa wa wanyonge. Aliwakataa watumishi wa baba yake, lakini hazina waliyosaidia kuijaza hakuikataa. Ndiyo iliyomsaidia kwenda vitani miaka mitatu baadaye.

Mtu anaweza kusema: hawa wawili walistahili. Pengine walistahili adhabu, na kubwa. Lakini haki ni kumhukumu mtu kwa alilotenda. Ukimhukumu kwa asilotenda kwa kuwa unamchukia kwa alilotenda, umemfundisha mtawala kwamba sheria ni kamba, na kwamba anaweza kumfunga nayo yeyote ambaye watu hawampendi. Sauli wa siku ya kwanza alikuwa na umati unaodai damu, tena damu ya watu waliomdharau yeye mwenyewe. Angeweza kuwapa, wakampenda zaidi. Aliwanyima, na siku ile ikawa siku njema kuliko nyingi katika ufalme wake.

Hakuna sauti kubwa iliyoinuka kuwatetea Empson na Dudley, si ya msomi, si ya askofu, si ya mkuu wa nchi. Wazee wetu walituachia onyo: mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Mwaka 1510 Uingereza ilikuwa inashangilia, na hakuna aliyezitia zake maji.

Utukufu ndio shabaha

Kijana huyu alitaka nini? Mountjoy alikwisha kusema: utukufu. Hakutaka kuwa mhasibu kama baba yake. Alitaka kuwa kama Henry wa Tano, mshindi wa Agincourt mwaka 1415, na kuidai tena taji ya Ufaransa ambayo wafalme wa Uingereza walikuwa wakijiita warithi wake kwa vizazi.

Basi mwaka 1513 vita vikaandaliwa. Siku ya Ijumaa Kuu mwaka ule aliyehubiri mbele ya mfalme alikuwa John Colet, mkuu wa kanisa la Mtakatifu Paulo huko London. Alijua wasikilizaji wake wanakwenda kupigana. Aliwahimiza wamfuate Kristo, mfalme wao, kuliko kuwafuata akina Kaisari na Aleksanda, akaeleza jinsi ilivyo vigumu kwa mtu kuchomeka upanga katika mwili wa ndugu yake na bado akabaki na upendo ule ambao bila huo hakuna atakayemwona Mungu. Mfalme alihofu askari watavunjika moyo. Akamwita Colet Greenwich, wakazungumza faraghani bustanini. Waliporudi, mfalme akanywa kwa heshima yake mbele ya watu wote, akasema kila mtu na awe na mwalimu wake wa dini ampendaye. Wake yeye ni huyu.

Habari hii tunaipata kwa Erasmus, na sisi wahubiri tuitafakari sana. Mhubiri alisema kweli mbele ya mfalme, naye mfalme hakumdhuru, bali alimheshimu. Kisha mfalme akavuka bahari akaenda vitani kama alivyokuwa amepanga. Injili ya Marko inatuambia kwamba Herode naye alimsikiliza Yohana Mbatizaji kwa furaha. Kumpenda mhubiri na kulitii neno ni mambo mawili, na mtu mwenye vipawa vingi anaweza kuishi miaka mingi bila kugundua kwamba analo la kwanza tu.

Huko Ufaransa Henry aliiteka miji miwili, Thérouanne na Tournai. Wakati huohuo, Uingereza ikiwa chini ya uangalizi wa Malkia Catherine, jeshi jingine liliwashinda Waskoti huko Flodden tarehe 9 Septemba, na mfalme wao James wa Nne akaanguka pamoja na wengi wa wakuu wake. Mkataba wa mwaka 1518 ukairudisha Tournai kwa Ufaransa kwa malipo. Damu iliyomwagika haikurudishwa kwa yeyote.

Mzigo ukapata mbebaji

Vita ile ilimpatia mfalme mtu aliyemhitaji. Thomas Wolsey, mtoto wa mchinjaji wa Ipswich, ndiye aliyehangaika na mahema, ngano, farasi na meli ili jeshi livuke. Mwaka 1514 akawa Askofu Mkuu wa York, na mwaka 1515 akawa kardinali na pia Kansela wa nchi. George Cavendish, aliyekuwa mtumishi wake na baadaye akaandika maisha yake, anaeleza siri ya kupanda huko. Wazee wa baraza walimshauri mfalme kijana ahudhurie vikao na ayajue mambo ya nchi yake. Wolsey akamshauri kinyume: afuate mapenzi yake bila kujisumbua, kazi amwachie yeye. Mfalme alipenda kuwinda kuliko kukaa na makaratasi. Katika barua moja kwa Wolsey alikiri kwamba kuandika humchosha na kumtia taabu. Tumkumbuke baba yake, aliyetia alama kila ukurasa. Tukumbuke pia Kumbukumbu la Torati 17, ambapo Mungu anamwagiza mfalme wa Israeli ajiandikie nakala ya sheria na kuisoma siku zote za maisha yake, moyo wake usije ukainuka juu ya ndugu zake.

Tusidhani kwamba Henry alikuwa sanamu katika mikono ya kardinali. Neno la mwisho lilikuwa lake, na jambo alilolitaka alilishika kwa mkono wa chuma. Utaratibu wake wa kutawala ulikuwa huu: kuamua ni kwake, kutoka jasho ni kwa mtumishi; jambo likifaulu, sifa ni zake; likiharibika, mtumishi ndiye aliyeliharibu.

Utaratibu huo ulionekana wazi mwaka 1525. Mfalme wa Ufaransa alikuwa ametekwa huko Pavia mwezi Februari, na Henry aliona mlango wa kuivamia nchi yake umefunguka. Fedha hazikuwapo. Ikatoka amri ya mchango mkubwa, bila idhini ya Bunge: hadi sehemu ya sita kwa walei na theluthi kwa makasisi. Jina la mchango huo lilisema kwamba ni wa hiari na wa upendo. Huko Suffolk, karibu na mji wa Lavenham, wafanyabiashara wa vitambaa walishindwa kuwalipa mafundi wao, na maelfu ya watu wasio na kazi wakakusanyika. Thomas Howard wa Norfolk alipowauliza jemadari wao ni nani, msemaji wao akamjibu kwamba jemadari wao ni Umaskini.

Mfalme akarudi nyuma, akautangazia umma kwamba hakujua habari za madai hayo. Wolsey akajitokeza na kuibeba lawama. Mchango ukafutwa, waliokamatwa wakasamehewa, na watu wakamshukuru mfalme wao mwema, huku wakimlaani kardinali. Msamaha ule ulikuwa wa kweli kwa wale walioupokea. Watoto wao waliwaona tena baba zao. Lakini waliosamehewa walikuwa wametendewa vibaya na yule yule aliyewasamehe, naye hakulisema hilo.

Waliomshangilia

Miaka miwili baadaye mfalme alitaka ndoa yake na Catherine ibatilishwe, na Wolsey hakufaulu kuipata idhini kutoka Roma. Oktoba 1529 akavuliwa cheo. Mwaka uliofuata akakamatwa kwa shtaka la uhaini, lile lile lililowaua Empson na Dudley, akafia njiani katika abasia ya Leicester tarehe 29 Novemba 1530. Akiwa kitandani alisema kwamba kama angemtumikia Mungu kwa bidii aliyomtumikia nayo mfalme, Mungu asingemwacha katika mvi zake. Maneno hayo yanapaswa kutuamsha sote tulioajiriwa kumpendeza mtu.

Thomas More, yule mshairi wa siku ya kutawazwa, alikuwa amepanda naye, akawa rafiki wa mfalme. Siku moja Henry alikuja bila taarifa nyumbani kwake Chelsea, wakatembea bustanini karibu saa nzima, mkono wa mfalme ukiwa shingoni mwa More. Mkwewe, William Roper, alipompongeza, More alimjibu kwamba hana sababu ya kujivuna, maana kama kichwa chake kingeweza kumpatia mfalme ngome moja Ufaransa, kingekatwa bila kusita. More alikuwa amekwisha kumwelewa bwana wake. Tarehe 6 Julai 1535 kichwa chake kilikatwa pale pale Tower Hill. Wiki mbili kabla yake alitangulia Askofu John Fisher, ambaye mwaka 1509 alihubiri katika mazishi ya Henry wa Saba. Safari hii hapakuwa na hati za madeni. Kulikuwa na sheria mpya iliyofanya hata maneno kuwa uhaini.

Mwaka 1540 ikawa zamu ya Thomas Cromwell, aliyechukua nafasi ya Wolsey na kumtimizia mfalme mengi. Alihukumiwa na Bunge bila hata kupewa kesi, akauawa tarehe 28 Julai. Mwaka uliofuata balozi wa Ufaransa aliripoti kwamba mfalme anajuta, na anawalaumu washauri wake kwa kumfanya amwue mtumishi mwaminifu kuliko wote aliopata kuwa nao. Hata majuto yake yalikuwa kosa la mtu mwingine.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mfalme huyu alisifiwa kwa tendo la kwanza lisilo la haki, naye akajifunza kutokana na sifa hizo. Alijifunza kwamba watu hawaulizi sana ukweli wa shtaka iwapo wanamchukia mshtakiwa. Alijifunza kwamba mtumishi anaweza kuzikwa na dhambi ya bwana wake. Waliomfundisha si watu waovu. Ni watu waliochoka na kuonewa, wakafurahi kuona walioonekana kuwa wabaya wao wakianguka.

Mfalme anayejitokeza mbele

Maandiko yanatuonyesha njia nyingine. Katika 2 Samweli 24 Daudi amewahesabu watu kwa kiburi, na tauni inawaua maelfu. Daudi anasimama mbele za Mungu, hamtaji Yoabu aliyezunguka nchi nzima kuhesabu. Anasema aliyetenda dhambi ni yeye, na kuuliza kondoo hawa wamefanya nini. Mkono wa Bwana na uwe juu yake na juu ya nyumba ya baba yake. Daudi alikuwa na dhambi nyingi, na baadhi zilikuwa nzito kuliko za Henry kijana. Lakini alijua kusema neno moja gumu kuliko yote kwa mwenye cheo: ni mimi.

Kisha tunafika bustanini katika Injili ya Yohana. Kikosi kimekuja usiku na taa, mienge na silaha. Yesu anajua yote yatakayompata. Hasukumi mwanafunzi mbele. Anatoka yeye, anawauliza wanamtafuta nani, anajitambulisha, na kuwaomba wawaache hawa waende zao. Yohana anaongeza kwamba hivyo lilitimia neno lake la kutompoteza hata mmoja wa wale aliopewa na Baba. Yeye asiye na kosa alijitwika lawama ya wenye makosa, ili sisi tupewe heshima iliyo yake. Hapa utaratibu wa Henry umegeuzwa juu chini. Huyu ndiye Mfalme wetu, na kila mamlaka tuliyo nayo, ndogo au kubwa, tunaishika kwa niaba yake.

Kwa hiyo niseme na wale miongoni mwetu walio na madaraka: wazazi, walimu wakuu, wenyeviti wa vikundi, wakuu wa idara, wazee wa kanisa, na kwanza kabisa sisi wachungaji. Cheo ni dhamana. Fedha za ujenzi zikipungua, je, tunamwacha mweka hazina asimame peke yake mbele ya waumini, hali tunajua kwamba maamuzi tuliyafanya pamoja? Tunapoanza kazi mahali papya, je, tunajijengea jina kwa kumchafua aliyetutangulia, huku tukiendelea kukaa katika nyumba aliyoijenga? Msaidizi akikosea kwa kutii agizo letu, tunasema nini mbele za watu? Simaanishi kwamba mwizi afichwe au mtesaji alindwe. Kila mtu atajibu kwa alilotenda, na mahakama zipo kwa ajili hiyo. Ninachosema ni kwamba kiongozi asimtumie mtu mwingine kulipa deni lake yeye.

Niseme pia na sisi tulio wengi, tulio katika umati. Ni rahisi kumshutumu Henry. Lakini bila makofi ya mwaka 1509 asingelijifunza somo lile kwa haraka hivyo. Kiongozi mpya anapomkamata mtu tunayemchukia, tunapaswa kuuliza maswali yale yale ambayo tungetaka yaulizwe siku tutakapokamatwa sisi: ameshtakiwa kwa lipi, ushahidi uko wapi, alitumwa na nani? Kuuliza hivyo si kumtetea mwovu. Ni kuilinda haki, ambayo kesho itakuwa kinga ya mtoto wako.

Tena tujiulize kwa nini viongozi wetu huogopa sana kusema wamekosa. Pengine ni kwa sababu wamewaona waliosema hivyo, na wameona tulivyowatendea. Kanisa linalomrarua mtu anayeungama linawafundisha wengine kusingizia. Tukitaka wachungaji, wazazi na watawala wenye ujasiri wa Daudi, tuwe watu ambao mbele yao mtu anaweza kuungama, akarekebishwa, akalipa anachopaswa kulipa, na bado akabaki ndugu. Mtume Paulo, katika 1 Timotheo 2, anatuagiza tuwaombee wafalme na wote wenye mamlaka. Tukiwaombea kwa dhati, hatutawashangilia wanapojiangamiza.

Siku ya kwanza ya Sauli ilikuwa siku ya kweli. Roho wa Mungu alikuwa juu yake, naye alichagua rehema. Hakuna kilichomlazimisha aishie Karmeli akijijengea ukumbusho. Vivyo hivyo kijana wa Greenwich alikuwa na elimu, walimu wema, mahubiri ya kweli na misa kila siku. Angeweza kusimama mwaka ule wa kwanza na kusema kwamba nyumba yake imewakosea watu, na kwamba italipa. Wewe na mimi hatujafika mwisho wa siku zetu. Juma hili litatuletea angalau nafasi moja ya kusema ni mimi. Tuitumie.

Maswali ya kutafakari juma hili

1. Ni nani aliyebeba lawama iliyokuwa yangu, nyumbani, kazini au kanisani? Nitamwendea lini, na nitawaambia nini wale walioisikia lawama hiyo?

2. Ni mwanguko wa nani ninaoufurahia bila kuuliza kama alitendewa haki?

3. Mtu akiungama kosa mbele yangu, je, hujuta kwamba aliniambia?

Sala

Bwana Yesu, Mfalme wetu, ulijitokeza mbele ya silaha ili wanafunzi wako waende salama. Utusamehe sisi tuliojificha nyuma ya wengine. Uwape vijana wanaoingia madarakani moyo wa kusikiliza, na marafiki wasiowaogopa. Uwape wanaotawala ujasiri wa kukiri. Utupe sisi tunaotawaliwa kupenda haki kuliko kulipiza kisasi, na utuzuie mikono pale tunapotaka kushangilia uonevu. Uwafariji waliozikwa na makosa ya mabwana wao, maana wewe unayajua majina yao. Kwa kuwa ufalme ni wako, na nguvu, na utukufu, hata milele. Amina.